Dakika 5, dakika 30 au warsha: nitume pendekezo lipi?

nakuru_data: Wadau, kongamano la watumiaji wa PostgreSQL (programu ya hifadhidata) litakuwa Kisumu, na fomu inataka nichague: mada fupi ya dakika 5, mada kamili ya dakika 30, au warsha ya saa 3. Nalenga kuonyesha kwa nini kwiri (ombi la data kwa hifadhidata) hukawia, kwa data ya mfano ya ushirika wa maziwa. Ipi inafaa?

mto_sondu: Dakika 30. Lakini toa 5 za maswali na 2 za kuhangaika na projekta, unabaki na 23. Hapo inatosha kwiri moja, kabla na baada ya indeksi (faharasa inayoharakisha utafutaji), basi. Ukiongeza VACUUM (usafishaji wa hifadhidata) na bakapu, kamati itajua hujapima muda. Kichwa kama "PostgreSQL kwa Undani" hakisemi kitu. Andika "Ripoti ya maziwa inakawia: kusoma EXPLAIN ANALYZE", yaani amri inayoonyesha hatua za kwiri na muda wake. Muhtasari uwe maneno 150 hivi: tatizo, utakachoonyesha, na anayefaa kuhudhuria. Kumbuka pia kuwaonya kwamba EXPLAIN ANALYZE huitekeleza kwiri kweli, kwa hiyo UPDATE au DELETE (amri za kubadilisha au kufuta data) ifungiwe kati ya BEGIN na ROLLBACK, ili mabadiliko yatenguliwe.

kakamega_kwetu: Mimi ningetuma warsha. EXPLAIN hueleweka mtu akiwa ameshika kibodi.

mto_sondu: Na watu 40 watasakinisha vipi? Tuseme kila mmoja apakue megabaiti 300: hizo ni gigabaiti 12 kwenye waifai moja ya ukumbi. Saa ya kwanza itaisha hakuna aliyeandika SELECT.

kakamega_kwetu: Hawasakinishi seva. Seva ni moja, kwenye laptopu yako, na ruta isiyohitaji intaneti. Kila mshiriki apewe hifadhidata yake. Badilisha listen_addresses, yaani anwani ambazo seva husikiliza (lazima uzime seva na kuiwasha tena), na pg_hba.conf, faili la nani aruhusiwe kuingia (hii inatosha kusomwa upya). max_connections, kikomo cha miunganisho, huja ikiwa 100, haitakusumbua. psql, programu ya kuandikia kwiri, wapewe kwa flashi, ya Windows na ya Linux. Kinachoangusha watu ni ruta ya nyumbani: laptopu 40 na simu zao zikiingia, inalemewa. Weka kikomo cha watu 20 na ukiandike kwenye pendekezo.

dunga_pwani: Hiyo ya dakika 5, uliza kwanza. Makongamano mengi huandikisha mada fupi siku yenyewe, kwa hiyo huenda huna haja ya fomu. Kama kamati husoma bila kuona majina, ondoa jina lako na la mwajiri kwenye muhtasari, na pia kiungo cha GitHub, ambacho wengi husahau. Kisha angalia saa ya kufunga. 23:59 UTC kwetu ni saa 8:59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Ikiandikwa AoE ("Anywhere on Earth", yaani saa ya UTC-12), ni saa 8:59 mchana wa siku hiyo inayofuata. Tofauti ni saa 12 nzima.

nakuru_data: Imeandikwa UTC, na wanakubali mapendekezo mawili. Natuma ya dakika 30 na warsha ya watu 20. Muhtasari kwa Kiswahili au Kiingereza?

mto_sondu: Kama mwito haujasema, tumia lugha utakayozungumza jukwaani, na uitaje kwenye sehemu ya maelezo kwa kamati.