Naomba ushauri: fundo la mapambo kwenye mpini wa brashi ya kunyolea ndevu

Habari zenu wakuu. Namtengenezea baba mkwe brashi ya kunyolea ndevu. Ni nahodha mstaafu wa majahazi. Mpini nimeukereza kwa mpingo, na kiunoni nataka fundo la mabaharia, lile la uzi mmoja unaosukwa msuko wa tatu kuzunguka mti hadi ncha zisionekane. Mzee atalikagua kwa jicho la kazi, kwa hiyo nataka likae sawasawa.

Kinachonisumbua ni maji. Uzi wa pamba unakaza vizuri na unapendeza, lakini unanyonya maji na povu la sabuni, na bafuni utaota kuvu. Nailoni haiozi, ila inateleza na fundo linalegea. Je, pamba niipake vanishi nyembamba tabaka kadhaa, au epoksi? Epoksi nahisi itaufanya uzi ung'ae kama plastiki, na mimi sipendi.

Halafu mpingo una mafuta yake ya asili. Mnaufuta kwa spiriti kabla ya kugandisha shada la nywele? Tundu langu lina upana wa milimita 24.

Waliowahi kufunga mafundo kwenye vipini vya visu au makasia, mlitumia uzi gani?