"Dizaina" wa simu asituharibie jina wenye mashine

WinoMweusi:
Wakuu, mnamjua, simtaji. Kaleta picha ya WhatsApp iprintiwe bango la harusi la mita 3 kwa 2, kisha mbele ya mteja anatamka: "Mashine yao mbovu." Mashine!

Picha ikitumwa WhatsApp kikawaida hupunguzwa hadi pikseli (vidoti vya picha) kama 1600 upande mrefu. Zitandaze kwenye mita 3, hazifiki pikseli 14 kwa inchi. Bango la kutazamwa kwa mbali tunataka walau 72. Bwana harusi kawa vigae vya bafuni, halafu mashine ndiyo mbovu!

Canva, programu anayodizainia, haina kosa. Ina "PDF Print" na ukingo wa kukatia, bure. CMYK, rangi nne za wino wa kuchapia, ndiyo ya kulipia. Yeye anashusha JPG. Kadi ya milimita 90 kwa 55 inaletwa 96 kwa 61, yaani 3 za ziada kila upande, maandishi yakae mbali na mstari wa kisu. Zake kisu kikipita, namba ya simu inabaki tarakimu tisa. Maandishi meusi kayaacha RGB, rangi za skrini, yanageuka wino wa rangi nne. Pleti, bamba la kila rangi, zikipishana kidogo, herufi zinaota kivuli. Na ile kijani inayowaka kwenye simu, wino hauna. Mashine mbovu, mbele ya mteja!

Kijiko_:
Povu lote hilo? Si ungemwambia atume kama dokumenti, picha isipunguzwe.

WinoMweusi:
Kaambiwa. Jibu lake: mashine mbovu.

MamaRisiti:
Nyie mnataka advansi na siku tatu, yeye anamaliza ndani ya daladala. Mteja aende kwa nani?

Mwanasheria_Mtaa:
Nembo ya templeti za Canva mjihadhari. Vipande vile kila mtu anaruhusiwa kuvitumia, huwezi kuvimiliki peke yako ukaenda BRELA, wakala wa usajili, kusajili.

Lenzi50:
Afadhali yenu. Harusini mtu na simu yake kaziba njia wakati wa pete. Kaweka "potreti" ya kufifisha nyuma, programu inakisia kilicho mbele na nyuma, inakula shela na nusu ya nywele za bibi harusi. Eti mpiga picha.

BeziNzito:
Njooni studio. Karekodi sauti kwenye simu mpaka kipimo cha sauti kinawaka nyekundu, anataka "isafishwe". Iliyopasuka imepasuka! Kilele cha sauti kiishie -6 dB kwenye kipimo ndipo tuongee.

Lenzi50:
Hao ndio wanaotupasua masikio ukumbini, spika mbili watu mia tano.

BeziNzito:
Spika si zetu, ni za MC. Huyo naye mfungulieni uzi wake.