Shangazi wa Ganze aambiwa atatumiwa laki na kitu ya bure. Walopata, ilibadilisha nini haswa?

KijanaWaKisauni:
Salaam aleikum waungwana. Nina jambo lanisumbua, wenye kujua wanijibu, matusi sitaki. Shangazi yangu, dadake babangu, akaa Ganze ndani kabisa, si pale stejini. Ni mjane, ana wajukuu aloachiwa, nyumba ya udongo na makuti, shamba lipo lakini mvua ya huko mwaijua wenyewe. Sasa wamekuja vijana wa shirika wameandika kila nyumba kijijini, wasema kila mtu atatumiwa kama 110,000 kwa M-Pesa, kwa mafungu, hakuna kurudisha na hakuna wa kumuuliza amenunua nini. Akanipigia mimi, sababu niko mjini nadhaniwa najua mambo, akauliza hawa si wakora?

Halafu ami mmoja hukohuko ashaanza kusema ni pesa za shetani, ukizila watoto wataanza kupotea mmoja mmoja. Na huku Kisauni binamu zangu hata pesa haijaingia washaigawa, mmoja ataka ya kutangulizia tuktuk, mwengine asema amkopeshe tu atairudisha disemba (disemba ya mwaka gani Mungu ajua).

Swali: wale ambao mama zenu ama nyanya zenu wamepata hizi pesa, Kilifi, Kwale popote, maisha yalibadilika kweli ama ni raha ya wiki mbili mwarudi palepale? Na mimi nimwambieje, mabati, mbuzi, ama aweke benki?

Mwanakaloleni:
Wa aleikum salaam kakangu. Mamangu alipata, Kaloleni. Nkwambie ukweli wote, si uzuri tu.

Kitu cha kwanza hakikuwa mabati wala mbuzi, ilikuwa ni kulipa deni la dukani. Watu wa mjini hawalijui hilo deni. Unga wachukua kwa daftari, mwenye duka akuandikia bei yake na huwezi kubishana kwa sababu wamdai nini na yeye ndiye akudaiye? Alipolilipa lote akaanza kununua kwa pesa taslimu kwa mtu mwengine, bei ya chini. Hapo tu kila mwezi akawa abakisha kitu.

Kisha mabati. Mabati yenu mwayaona urembo lakini makuti ni kodi, kila baada ya miaka michache waezeka upya, wanunua makuti, walipa fundi, na ikinyesha usiku watoto wote wahamia kona moja. Sasa mama amepiga bati, akatia na gata na tangi, akawa akinga maji ya mvua nyumbani kwake. Zamani ilikuwa ni bwawani na ndoo kichwani ama kununua mtungi kwa mwenye punda. Wale watoto wa dadangu waliokuwa wakienda maji asubuhi sasa wafika shule mapema.

Mbuzi nao alinunua, na hapo ndo palituumiza. Ule ukame wa 2020 mpaka 2022, misimu mitano mfululizo mvua yakataa, mbuzi walikwisha. Waliobaki wakauzwa mifupa mitupu kwa bei ya kuku. Tangi likabaki kavu pia, lakini bati halikufa.

Na kuna mambo hayakubadilika kabisa. Barabara ni ileile, zahanati iko mbali vilevile na dawa hakuna. Mtoto mkubwa akamaliza darasa la nane, fedha zishakwisha kitambo, ada ya sekondari ikatutafuta sisi. Kwa hivyo si kwamba umaskini umekwisha, ila mamangu halali tena akihesabu madeni.

SimbaMzee:
Pesa ya bure haina baraka. Wape wazee laki uone mnazi utakavyonywewa na wake wa pili watakavyoolewa. Na bei za vitu zitapanda sokoni, asopewa ndo ataumia. Wangejenga kisima wakatuondokea.

Jakom_Changamwe:
@SimbaMzee mzee wangu heshima lakini hapo sikubaliani. Mimi kwetu ni Siaya, nafanya kazi hapa bandarini, na hii maneno ya pesa kwa simu, lile shirika la GiveDirectly linalogawa pesa hizi walianzia huko kwetu, Rarieda, hata kabla watu wa pwani waisikie. Uvumi wa shetani pia ulikuwa, Homa Bay watu wengi walikataa kabisa kuandikwa, baadaye wakaona wenzao wamejenga na hakuna mtoto amepotea.

Watafiti wamezifuata hizo pesa mpaka basi. Huko Rarieda waliangalia kama pombe na sigara zilipanda, hazikupanda. Waliopewa kwa mpigo walinunua zaidi mabati na mifugo, waliopewa kidogokidogo kila mwezi chakula ndio kiliimarika zaidi. Halafu wakafanya kubwa zaidi Siaya, vijiji 653, nyumba zaidi ya 10,500 zikapewa kama dola 1,000 kila moja. Hiyo ya bei uliyosema, ilipanda kwa asilimia 0.1 hivi, yaani hata muuza omena hakuiona. Na kila dola moja ilizunguka mpaka uchumi wa hapo ukaongezeka kama dola mbili na nusu. Ambao hawakupewa nao matumizi yao yalipanda. Sababu ukifikiria si ngumu, shangazi akiezeka bati fundi ni wa hapohapo, fundi akalipwa akasagisha mahindi, mwenye posho mill akamchukua kijana wa kibarua, inaenda hivyo. Kisima ni kizuri lakini hakimlipi mtu kibarua kikishachimbwa.

Kitu kilinishangaza mimi ni cha juzijuzi 2025, baadhi ya watafiti walewale walirudi kuhesabu watoto, wakakuta vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu kwa nyumba zilizopewa. Mama mjamzito alipumzika miezi ya mwisho badala ya kulima mashamba ya watu, akala, akajifungulia hospitali. Lakini ilifanya kazi zaidi pale hospitali iko karibu, kwa hivyo dada wa Kaloleni yuko sawa kuhusu zahanati.

Na msichanganye hii na Inua Jamii ya serikali. Ile ni 2,000 kwa mwezi, mzee awe na miaka 70 kwenda juu. Inasaidia sukari na unga, lakini huwezi kuezekea. Kuna vijiji vingine GiveDirectly wanatoa 2,250 kila mwezi kwa kila mtu mzima, vingine vimeahidiwa miaka 12, na watu wakafanya nini? Wakaingia chama, kila mwezi mmoja achukue zote. Yaani wakajitengenezea mpigo wenyewe.

SimbaMzee:
Hao watafiti hawakai na sisi. Lakini hiyo ya deni la duka nimeikubali.

BiMkubwa_Likoni:
Mwanangu wa Kisauni, nimesoma yote, hebu nikuulize. Wewe wasema "nimwambie afanye nini". Kwani huyo shangazi yako miaka yote hiyo aliyolea wajukuu kwa shilingi za kuuza mkaa, wewe ndo ulikuwa ukimpangia? Yeye ajua paa linavuja wapi. Mimi nlopata zangu wakati wa korona huku mjini, tena kidogo tu, wanangu waliitisha kikao! Shetani wa hizi pesa ni nyinyi wa mjini wenye tuktuk za mawazo. Ukimtumia mtu mia tano kila baada ya miezi sita basi wajiona una hisa.

Kama wataka kumsaidia, msaidie na simu. Hapo ndipo wazee wapotezea. Muulize laini iko kwa jina la nani, na namba ya siri aijua nani. Kwetu kuna mzee namba yake yajulikana na mjukuu, na wakala, na jirani. Na siku ya pesa kuingia kijiji kizima asikimbilie kwa wakala mmoja, huyo hatakuwa na pesa mkononi, atampa nusu amwambie rudi kesho. Atoe anachotaka kutumia, nyingine ikae palepale kwenye simu. Na akipigiwa na mtu asema "nimetoka kwa shirika, nitajie namba yako ya siri", akate.

KijanaWaKisauni:
Bi mkubwa umenipiga na nimekubali, shukran 😂 Nimempigia sasa hivi. Asema mabati kwanza, na mbuzi hataki hata kuwasikia, ataka mashine ya kushonea kwa sababu alishona zamani kabla mashine yake ya kwanza haijauzwa. Mimi sikujua hata kama ajua kushona.

Lakini kwa laini umepatia, imesajiliwa kwa jina la marehemu mumewe. Binamu wa tuktuk alijitolea haraka sana kumpa yake, nimekataa. Je, kuna wa kusajili huko ama ni lazima ashuke mpaka Kilifi mjini?

Mwanakaloleni:
Si lazima Kilifi, aulizie Ganze hapo ama Bamba siku ya soko, mawakala wa kusajili hawakosi. Aende mwenyewe na kitambulisho chake, asitume mtu. Na hiyo namba mpya awape wale vijana wa shirika mapema, kabla hawajafunga orodha.