Usingizi umenikimbia, na mfuko umetoboka: nianzie wapi?

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Huu ni mwezi wa nne sasa silali. Saa tisa usiku macho makavu, nahesabu mbao za dari. Chakula nakiangalia tu. Juzi nimemfokea mwanangu kwa sababu kaangusha kijiko. Kijiko! Nikajifungia chooni nikalia. Nilimpigia mwanasaikolojia mmoja kuulizia kikao, aliponitajia bei nikashukuru nikakata simu. Kazi sina. Msaada wa bure au wa bei ndogo upo kweli, au nijikaze tu?

Mama Pacha: Pole sana. Kujikaza ndiko kulikonifikisha pabaya, hilo litoe kichwani. Mimi nilisaidiwa kwenye kliniki ya chuo kinachofundisha ushauri nasaha. Wanafunzi wanaokaribia kuhitimu wanahudumia watu chini ya msimamizi, kwa kiasi kidogo mno. Aliyenipokea alikuwa kijana mdogo, kalamu inamtetemeka mkononi kuliko mimi mgonjwa. Ila alisikiliza. Halafu simu uliikata mapema. Wapo wenye ofisi zao wanaopunguza ukiwaeleza hali yako.

Kiguu na Njia: Sali tu, hayo mengine ni upungufu wa imani.

Mama Pacha: Asali na atibiwe. Aliyevunjika mguu humwambii achague.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, anzia kituo cha afya cha kawaida. Sema usingizi na hamu ya kula vimeondoka. Waombe wapime na damu, maana tezi ya shingoni ikizembea au damu ikipungua, mtu huonekana ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kumbe kiini kiko kwingine. Waulizie pia dodoso la kupima dalili za sonona, linaitwa PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27. Ukipata 10 au zaidi, unastahili kuchunguzwa kwa kina. Si hukumu hiyo. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, nami nakuuliza hapa hapa bila kuzunguka: unayo? Kama unayo, usingoje foleni wala jibu langu. Nenda kitengo cha dharura leo, au piga namba ya msaada ya nchini kwako, na usikae peke yako.

Msoma Usiku: Wakati unasubiri, Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa kitabu cha picha cha kukabili msongo mwaka 2020. Ni bure kwenye tovuti yao, lugha nyingi, na mazoezi yana sauti. Nilikidharau kwa vile ni vikatuni. Zoezi la kwanza unakandamiza miguu sakafuni, unavuta pumzi taratibu, unatambua unachoona na unachosikia. Shida zangu hazikuondoka, ila nilirudi chumbani nilimokuwa. Programu za simu ziangalie vizuri, "bure" ya nyingine ni ya siku chache tu, kisha wanakata hela. Usiku ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Simu iache mbali.

Mleta uzi: Nesi, shikamoo. Mawazo hayo sina. Asante kwa kuuliza, hakuna aliyewahi. Dodoso nimejijazia mwenyewe, 14. Nimempigia tena yule mwanasaikolojia, safari hii nikasema ukweli wote. Kanipa kikao kila baada ya wiki 2 kwa robo ya bei, naanza Alhamisi. Kesho asubuhi kituo cha afya, dada yangu atanisindikiza.