Yule wa friza Kariakoo aliyeniinua kwenye kiti: Mungu anamuona!

BintiUbuyu:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimeshuka daladala Rangi Tatu sasa hivi, hata mtandio sijavua. Leo mchana Kariakoo kuna mtu ameniinua kwenye kiti. Kiti cha plastiki! Nimekaa na mwanangu mapajani, jasho linanitoka, anakuja ananiambia: "Dada, naomba hicho kiti, kuna mteja."

Kuna mteja! Mimi ni nani sasa?

Simtaji, mnamjua wote. Yule mwenye spika mlangoni inayosikika mpaka Feri, mwenye saa kubwa kama sinia la pilau, anayekuita "bosi wangu" kabla hujafungua pochi. Kama umewahi kutafuta friji au friza mitaa ile umeshapita mikononi mwake, na kama hujapita, jirani yako kapita.

Siku tisa zilizopita nilikwenda pale na laki saba na themanini. Hela ya kikoba hiyo, zamu yangu imefika baada ya kusubiri mwaka. Nikamweleza vizuri kabisa: kaka, mimi nauza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju, na samaki wa kugandisha, nataka friza ya kazi hiyo. Akaapa. Akaapa kwa mama yake, akaapa kwa mwezi mtukufu, akasema hii utaiacha urithi. Kiti kile kile akakipangusa kwa mkono wa shati lake ndipo nikae. Kijana akatumwa soda baridi. Soda ile nilikunywa nikajiona waziri.

Jana alfajiri nafungua friza: maji. Paketi 200 za ubuyu zimeyeyuka, wekundu umetapakaa kama machinjioni. Vibua na changu vinanuka, jirani kagonga mlango kuuliza kama kuna msiba. Paka wa Mbagala nzima wamefanya mkutano wa hadhara uani kwangu.

Leo nikakodi kirikuu elfu arobaini, nikairudisha. Nikakaa kwenye kiti changu cha siku ile. Yeye hata friza hakuitazama. Akachukua risiti yangu, akaweka ukucha wa kidole gumba chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI WALA KUBADILISHWA. Akanyamaza. Mara kaingia baba mmoja na mkewe, wanaulizia friji. "Karibuni mabosi wangu!" Ndipo akanigeukia mimi. "Dada, naomba hicho kiti, kuna mteja."

Nikasimama. Wakuu, nilisimama! Na alipokichukua akakipangusa nilipokalia, kwa mkono ule ule wa shati, ndipo akampa yule mama.

Nimesimama saa nzima nje na friza langoni kama mtu aliyefukuzwa na wifi, mpaka kirikuu ikairudisha nyumbani. Hivi mnunuzi ni binadamu mpaka hela iingie kwenye droo tu?

Kijana_wa_Tandale:

Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya friza.

Mtakujasema:

Umepigwa dada. Pole. Ila laki saba na themanini friza "mpya"? Hukujiuliza?

MamaPacha:

Ninamjua!!! Yule yule! Mimi aliniuzia pasi, ilichoma sare tatu za shule siku moja. Nilipokwenda akaniambia watoto wamekua, sare zilikuwa zinabana tu. Nusura nimtwange nayo.

Mtakujasema:

Mama Pacha, sare kubana na kuungua vinafanana wapi 😂😂

MzeeWaUraia:

Poleni. Binti, tuliza moyo, halafu sikiliza. Yale maandishi ya chini ya risiti yasikutishe kama yamechongwa kwenye jiwe. Ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kufanyia kitu, ukategemea ujuzi wake, naye kazi yake ndiyo kuuza vitu vya aina hiyo, basi kitu kile sharti kifae kwa kazi hiyo. Wewe umesema mwenyewe ulimwambia ubuyu na samaki. Hilo ndilo neno lako kubwa, liandike leo kabla hujasahau ulivyolisema.

Ipo pia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Watu wanaijua FCC kwa kuteketeza bidhaa bandia tu, hawajui kwamba kumlinda mlaji dhidi ya mfanyabiashara anayedanganya ni kazi yake pia. Ofisi zao zipo hapo hapo Dar. Andika barua, ambatisha risiti, eleza tarehe. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume anakata rufaa Baraza la Ushindani.

Nimefundisha hili darasani miaka mingi. Tarehe 15 Machi 1962 Rais Kennedy aliliambia Bunge la Marekani kwamba mnunuzi ana haki nne: ya usalama, ya kuelezwa ukweli, ya kuchagua, na ya kusikilizwa. Ndiyo maana kila tarehe 15 Machi dunia inaadhimisha siku ya haki za mlaji. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo yake. Sasa nyinyi mnakaa mnachekana hapa.

BintiUbuyu:

Mwalimu, shikamoo. Haki ya kusikilizwa! Mimi nimenyimwa hata haki ya kukaa! Kennedy angepita Kariakoo leo angeongeza ya tano, haki ya kiti.

Kijana_wa_Tandale:

Kwa hiyo huu uzi ni wa friza au wa kiti?

BintiUbuyu:

NI WA KITI! Friza fundi ataitazama. Ubuyu nitaloweka mwingine. Ila mtu kukipangusa nilipokalia, kana kwamba nimeacha ukoma, hilo nitakwenda nalo kaburini. Angesema tu "dada pole, tutaangalia," ningerudi nyumbani na friza bovu na moyo mzima.

FundiKompresa:

Dada, mimi natengeneza hivi vitu Temeke. Geuza friza nyuma, chini, tazama kompresa, ile mashine inayosukuma gesi. Kama imepakwa rangi nyeusi mpaka kwenye kibandiko, hiyo si mpya, ni mtumba umeogeshwa. Kibandiko kinatakiwa kusomeka, na kitakwambia aina ya gesi. Zinazokuja siku hizi nyingi ni R600a. Huku mtaani wanaona R600a shida, wanaweka R134a ya mafriji ya zamani kwenye kompresa isiyo yake. Inagandisha wiki moja ukafurahi, halafu kompresa inachemka na kufa. Siku tisa ulizosema ndizo zenyewe.

Na tafadhali usimpe mtu yeyote achomelee. R600a inawaka moto. Gesi itolewe kwanza, mlango wazi, ndipo bomba liguswe.

BintiUbuyu:

Fundi nimegeuza. NYEUSI. Mpaka kibandiko. Rangi imeingia hadi kwenye misumari na kuna unywele wa brashi umegandia pale. Nimekaa chini sakafuni, maana kiti sina.

FundiKompresa:

Piga picha huo unywele. Usiufute.

Mtakujasema:

Swali moja la msingi ambalo mnaliruka. Risiti ni ya EFD, ile mashine ya kodi, au ya kuandika kwa mkono?

BintiUbuyu:

Ya mkono. Alisema ya mashine laki nane na nusu, ya mkono laki saba na themanini.

Mtakujasema:

Hapo sasa! "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," limeimbwa mpaka kwenye redio za vijijini. Elfu sabini ya punguzo ndiyo imekuinua kwenye kiti dada, si yule jamaa.

MamaPacha:

Acha hizo. Nani Kariakoo ananunua kwa bei ya mashine? Wewe shati ulilovaa lina risiti ya mashine? Wanatuwekea bei mbili makusudi ili tukilia tuambiwe tumekosa wote wawili.

MzeeWaUraia:

Mama Pacha kasema kweli chungu. Lakini binti, risiti ya mkono bado ni maandishi: ina tarehe, ina jina la duka, ina kiasi. Kama ulilipa kwa simu, ujumbe wa muamala nao utunze. Nenda navyo.

BintiUbuyu:

Nililipa kwa simu, ujumbe ninao. Jina lililokuja si la duka, ni la mwanamke. Mkewe sijui. Huyo mkewe naye nikae kwake aniinue?

PwaniMombasa:

Dada yangu pole sana. Huku kwetu haki za mnunuzi zimo ndani ya Katiba yenyewe ya 2010, kifungu cha 46: bidhaa ziwe za kiwango kifaacho, uelezwe ukweli, na ukipata hasara ulipwe fidia. Kisha 2012 ikaja sheria nzima ya kumlinda mlaji. Nyinyi wa bara mu wapole mno. Hapa Marikiti mtu akikuinua kitini, wamama wa pale wanamkalia yeye.

Mtakujasema:

Mombasa mmeanza. Kwani Katiba inagandisha samaki?

PwaniMombasa:

Haigandishi, lakini hakimu anaisoma. Mimi nilinunua godoro, likazama katikati mwezi wa pili, nikarudi nalo kichwani mchana wa jua kali mpaka dukani, nikalilaza mlangoni na nikalilalia. Kufika adhuhuri nilipewa jipya.

Kijana_wa_Tandale:

Dada umesikia? Kalale ndani ya friza mlangoni kwake 😂

BintiUbuyu:

Msinichekeshe, nina hasira. Ila naona maana yake. Mimi nilikuwa peke yangu na mtoto. Kikoba chetu tuko wanawake kumi na tano. Wangekuwa kumi na tano pale dukani, angemwinua nani?

MamaPacha:

Mimi wa kumi na sita. Nakuja na pasi yangu.

Mkulima_Makambako:

Mnalia na friza moja. Njooni mlime viazi muone kilio. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza, analishindilia kwa mguu, halafu anaongeza juu kilima kingine na kukisuka kwa kamba mpaka gunia linasimama kama mama mjamzito. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia linatakiwa lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanasema kila mwaka. La mwisho nililopima nyumbani kabla halijaja lori lilikuwa kilo 142. Nikalipwa gunia moja. Kilo 42 nimempa zawadi mtu nisiyemjua, wala kiti hakunipa.

Mtakujasema:

Mkulima, wewe ni muuzaji. Uzi ni wa wanunuzi.

Mkulima_Makambako:

Na mbolea nainunua wapi? Na mbegu? Mwaka juzi nimenunua mbegu za mahindi, mfuko mzuri una picha ya bibi anacheka, shamba likaota nusu. Bibi alikuwa ananicheka mimi.

MamaPacha:

Halafu hayo magunia kilo 142 yakifika huku tunauziwa kwa kindoo kilichobonyezwa chini. Mkulima anapunjwa juu, mimi napunjwa chini, katikati kuna mtu anajenga ghorofa.

FundiKompresa:

Kindoo afadhali. Mitungi ya gesi ya kupikia je? Ndogo inatakiwa kilo 6. Mimi nina mizani ya gesi ya kazi yangu, nilipima wa kwangu nikiwa nimetoka kuununua, sitaki kusema nilichokiona. Siku hizi muuzaji nampimia hapo hapo mlangoni kwake. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa pale kwenye mshikio, toa huo, kinachobaki ndiyo gesi yako.

Kijana_wa_Tandale:

Kumbe ule uzito unaandikwa? Miaka yote nadhani ni namba ya kiwanda.

MamaPacha:

Hata mimi. Ngoja nikatazame wangu.

PwaniMombasa:

Na mabando ya simu? Nimenunua usiku, nimelala, nimeamka limekwisha. Nani alikuwa anatazama video nami nimelala?

Kijana_wa_Tandale:

Bando usiniguse. Bando ni msiba wa kitaifa.

BintiUbuyu:

Jamani, kiti changu.

MzeeWaUraia:

Binti, kesho asubuhi barua. Nitakusaidia kuiandika, njoo inbox. Andika pia kuhusu kiti.

MamaPacha:

Mtungi wangu umeandikwa 7.2 halafu pamefutika. Fundi hiyo ni sawa?

FundiKompresa:

Mama Pacha pakifutika usiupokee tena, mrudishie akupe unaosomeka.

Mtakujasema:

Mkulima, hivyo viazi vya kilo 100 kamili, bila lumbesa, unaleta Dar lini? Mke wangu anauza chipsi.

Mkulima_Makambako:

Wiki ijayo nikipata lori. Lakini nauza kwa kilo, mizani ninayo.

Mtakujasema:

Kwa kilo bei gani?

Mkulima_Makambako:

Inbox mkuu.

Kijana_wa_Tandale:

Hapa hapa tuone wote! Mkihamia inbox ndiyo mwanzo wa bei mbili.