Tupeane uzoefu: maumivu ya sehemu ya mbele ya unyayo

Mama wa Katindo:
Ndugu zangu wa Goma, naomba tuelezane jinsi kila mmoja alivyopimwa na kutibiwa maumivu yanayokaa chini ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole. Njia zetu nyingi zina mawe makali ya volkano, na anayevaa kiatu chenye soli nyembamba huyahisi kila anapokanyaga. Mimi nauza vitenge na husimama kutwa. Mtaalamu wa viungo alibonyeza vichwa vya mifupa mitano ya metatasali, yaani ncha za mifupa mirefu ya unyayo pale inapokutana na vidole, kimoja kimoja, akatazama ngozi ilipoota sugu, akaniagiza nitembee peku mbele yake, kisha akaeleza kwamba uzito unaelemea mfupa wa pili. Alinitengenezea soli ya ndani yenye kimto kidogo, nami tangu hapo nafunga duka bila kuchechemea.

Mwalimu wa Himbi:
Mama, umegusa jambo ambalo ningependa kila fundi viatu alijue, yaani mahali pa kuweka kimto hicho. Hakikai chini ya mahali panapouma. Hukaa nyuma yake, upande wa kisigino, ili kibebe mifupa kabla ya vichwa vyake na kuvipunguzia mzigo. Cha kwanza nilichopewa kiliwekwa mbele mno, na maumivu yakazidi. Mtaalamu mwingine alipaka rangi ya midomo kwenye sehemu yenye maumivu, nikakanyaga soli, alama ikabaki, naye akabandika kimto nyuma ya alama hiyo, akikisogeza kidogo kidogo hadi nikatembea kwa raha. Tena, kabla ya kuingiza soli mpya, toeni ile iliyokuja na kiatu, maana kiatu kisicho na kina kitabana vidole na kazi yote itapotea.

Dada wa Birere:
Kwangu tatizo lilikuwa mshipa wa fahamu unaopita kati ya kidole cha tatu na cha nne. Nilihisi moto na ganzi, kama nimekanyaga kokoto, lakini nikivua kiatu sikuti kitu. Daktari aliukamua mguu kutoka pande zote mbili huku akibonyeza katikati ya vidole hivyo, akasema ni ugonjwa wa Morton. Niliacha viatu vilivyochongoka na visigino virefu, ambavyo husukuma uzito mbele, nikanunua vipana. Kimto nacho kilisaidia, ila nafasi ya vidole ndiyo iliyonipa nafuu kubwa.

Papa wa Ndosho:
Mimi nasukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na kiungo cha dole gumba langu kimekakamaa. Viatu laini vilinidhuru, kwa sababu vilikiacha kiungo kikunjwe kila hatua. Nilichohitaji ni soli ngumu iliyopinda juu kwa mbele, ili mguu ujiviringishe bila dole kukunjwa.

Muuguzi wa Keshero:
Nawasihi wenye kisukari wasijikatie vimto wenyewe. Sisi huwagusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaokandamiza kwa gramu 10, na asiyeuhisi anaweza kupata kidonda ndani ya kiatu bila kujua. Vilevile, maumivu ya ghafla yenye uvimbe juu ya mguu, baada ya safari ndefu, huenda yakawa ufa kwenye mfupa, na picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Basi mguu upumzishwe na picha irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Mwenye kisukari aliyekwisha kutengenezewa soli hapa mjini atueleze alivyofuatiliwa.