Wapiga ala wa Mombasa, tupeane uzoefu: siku uliyosimama nyuma ya nyota

Kinanda wa Kisauni

Salamu za jioni jamani. Habari za mastaa tunazisoma kila siku: katua lini, kavaa nini, kalala hoteli gani. Sie tunaowapigia vinanda na magitaa hakuna anayetuuliza kitu. Leo baraza ni letu. Masharti mawili tu. Jina la nyota lisitajwe, mji huu mdogo na kesho utamhitaji. Na usituletee kisa cha binamu yako, tuletee chako.

Naanza mie. Ilikuwa Desemba, tamasha la uwanjani pwani ya kaskazini. Nyota anatoka Nairobi kwa ndege ya saa kumi jioni, jukwaani apande saa nne usiku. Mazoezi hakuna. Nyimbo nane tuliletewa kwa WhatsApp siku mbili kabla, tuzishike kwa masikio. Tukashinda barazani kwa mpiga solo, tukazirudia hadi watoto wa jirani wakawa wanaingia kwenye kiitikio kabla yetu.

Sasa wasiopiga kinanda niwaeleze jambo. Kinanda cha umeme kina kitufe cha transpozi. Vidole vyako vinabaki palepale ulipopazoea, mashine ndiyo inayopandisha au kushusha ufunguo. Raha tupu, ila ukisahau tu umekwisha. Wimbo wa nne yule bwana alitaka uwe juu nusu toni, nikabonyeza mara moja, kwenye kioo ikatokea 1. Ukapita salama. Watu mayowe, yeye anazungumza na umati, mie najifuta jasho. Wa tano ndio ule uliompa jina, na mwanzo wake ni kinanda peke yake. Nikaanza, mtamu kweli kweli. Kugeuka, mpiga besi ananikodolea jicho ambalo sijalionja tangu maalim wa chuoni. Kutazama kioo: 1.

Nifanyeje? Nikibonyeza hapo hapo, wimbo unaporomoka watu wote wakisikia. Nikiacha, gitaa na besi zitaingia kwenye ufunguo wao, mie kwenye wangu, na yeye katikati. Alikuwa kanipa mgongo. Akanyanyua maiki akaimba mstari wa kwanza juu nusu toni, bila hata kukunja uso, kana kwamba ndivyo tulivyoagana. Kisha akapeleka mkono nyuma, kiganja kikatazama chini, akakishusha kidogo. Hapo hapo akawaambia watu, "Kwanza niimbieni nyinyi!" Uwanja mzima ukaangua kiitikio, kila mtu na ufunguo wake. Katika zogo lile nikarudisha sufuri, yeye akahesabu hadi nne, tukaanza upya kama si sisi.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa kumwomba radhi. Nikamkuta anakula viazi karai kwenye gazeti. Hakuningoja niseme. "Ulisahau kurudisha sufuri?" Kumbe na yeye alianzia kwenye kinanda, kanisani kwao.

Besi wa Likoni

Mpiga besi huyo ni mie, na jicho lile nalikiri. Tangu siku ile, kabla ya kila wimbo namuuliza "Sufuri?" mbele ya watu. Hapendi.

Mtu wa Tashkota

Nyinyi wenzetu mna vitufe vya umeme. Tashkota, kinanda kidogo cha nyuzi cha taarabu, nayo ina vitufe, ila vyake vinakandamiza waya tu, na hewa ya huku ina chumvi. Waya mpya ukiufunga Jumatatu, Ijumaa ushaanza kutu.

Nimekulia kwenye taarabu hii yetu ya mahadhi ya Kihindi, ile aliyoivumisha marehemu Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2014. Kazi ya tashkota ni kumfuata mwimbaji nyuma nyuma kama mtoto anayeshika nguo ya mamake. Ukimtangulia umeharibu.

Kisa changu ni harusi ya Mji wa Kale, msimu wa vuli. Mwimbaji bibi mmoja mashuhuri, na nyimbo zake mwazijua hata msioenda harusini. Sie tulikuwa wapigaji wa hapa hapa, tumekusanywa kumsindikiza. Mvua ilipiga tangu alasiri, na mnajua ngozi na unyevu havielewani. Ngoma ya dumbak ikalegea, ukiigonga inatoa sauti ya godoro. Likatafutwa jiko la makaa, akatumwa mtoto wa jirani, akaja nalo mbio kaliinua kwa matambara. Nikajua hapa bibi atakasirika, maana wageni washajaa na bi harusi anangojewa. Wallahi yule bibi akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na jiko na dhahabu zake zote, akaichukua dumbak mwenyewe. Akawa anaigeuza pole pole juu ya moto kama mkate wa tawa, akiigonga kwa kidole, akiisikiliza, akiigeuza tena. "Bado," anasema. "Bado." Halafu: "Haya, shika."

Kwenye kuimba ndiko nilikosoma. Ikifika beti yenye kijembe, wanawake huinuka kutunza, noti juu, na kila anayetunza ana wake anayempelekea ujumbe. Mwimbaji hawezi kuiacha beti ile foleni haijesha. Macho yangu nikayatia kwenye mkono wake wa kushoto: kidole kimoja, turudie, ngumi, tusonge mbele. Beti moja tuliirudia mara sita! Mara ya nne kuna mama alirudi kutunza kwa mara ya pili, akisimama mbele ya meza ile ile. Yaliyokuwa baina yao mie sijui, ila noti zilikuwa za elfu.

Usiku wa manane tukaitwa jikoni. Bibi alitandaza leso chini, akamwaga tunzo zote mbele yetu, zikahesabiwa kwa sauti. Fungu lake, mafungu yetu. Yule mtoto wa jiko akapewa mia mbili, akakimbia nazo kabla watu hawajageuza mawazo. Nimewasindikiza wengine ambao tunzo iliingia mkobani, mkoba ukaingia garini, na sie tukaambiwa Jumatatu.

Dada wa Koras

Jumatatu hiyo mie naijua.

Tulikuwa waitikiaji watatu, tumechukuliwa hapa Mombasa kumwitikia msanii mkubwa aliyekuja kutoka nje. Mchana kwenye kujaribu mitambo nikapewa sauti ya juu kwenye kiitikio. Akasimama, akapiga makofi, akasema nirudie wasaidizi wake wasikie. Nikaona leo ni leo. Nikampigia mamangu, nikaenda kusukwa upya.

Usiku, wimbo wa kwanza maiki inaitikia. Wa pili kimya. Nikaigonga, kimya. Nikamtazama fundi mitambo, akainamisha kichwa. Basi nikaimba dakika arubaini na kitu kwenye maiki iliyokufa, natabasamu, nacheza, nainua mkono palipopaswa kuinuliwa. Baada ya shoo yule fundi alinifuata, kijana wa watu kaona haya. Akasema, "Dada nimeagizwa." Na nani, hakunambia, wala sikumshurutisha. Tuliagana elfu kumi, nikapokea nne na maneno kwamba jina langu sasa limefika mbali.

Video ikatoka. Mamangu akaitazama mara mbili, akanigeukia: "Mbona wewe huimbi?"

Mpita Njia

Huyu si yule aliyekuja mwaka juzi na walinzi sita?

Kinanda wa Kisauni

Masharti bwana. Jina libaki tumboni. Dada pole sana, na yule fundi namjua nadhani, hata mie ashawahi kunizima, ila mie nilistahili.

Drams wa Mtwapa

Changu ni cha hotelini. Bendi ya hoteli hailali bila kupiga Jambo Bwana, na likifika basi la wageni wapya inapigwa mara mbili. Jioni moja meneja anakuja ananong'ona: yule mzee wa meza ya tatu, mwenye kofia, ni mtu mkubwa kwao Ujerumani, anapuliza saksofoni. Mara mzee kasimama, anataka kupanda, anataka apige nasi "ile Jambo ya Boney M".

Kiongozi wetu mtu mzima, mpole, lakini hapo hakupita. Akamwambia karibu sana, tena tutaipiga, ila wimbo ule ni wa Them Mushrooms, vijana wa Pwani hii hii waliokuwa wakiwapigia watalii hotelini kama sisi. Boney M, bendi ya kwao Ujerumani, waliurudia 1983, baada yao. Mzungu akavua kofia. Kweli, aliivua.

Tukaupiga, akapuliza vizuri tu, makofi. Kiongozi akaona bado. Akatugeukia: "Mpeni bango." Sasa bango, muziki wetu wa dansi wa hapa Pwani, saksofoni ndiyo roho yake, mnamjua Mzee Ngala wa Freretown na alichokifanya na chombo kile. Tukaingia pole pole. Mzee akaweka saksofoni mdomoni, akaitoa. Akaiweka, akaitoa. Mzunguko wa kwanza umepita, wa pili umepita, mtu aliyejaza kumbi za Ulaya anatafuta mlango haupati. Akarudi nyuma hadi kwenye drams zangu akainama: "Moja iko wapi?" Yaani pigo la kwanza la mzunguko.

Nilitamani kucheka, nikamwonea huruma. Nikaanza kuikandamiza ngoma ya mguu kwenye moja, kubwa kuliko inavyotakiwa, na nikawa naitikisa kichwa kila inapofika. Wapiga bango wangenisikia wangenifukuza. Akafunga macho, akatingisha kichwa nami. Mzunguko wa tano akaingia, noti tatu tu, zimenyooka. Hakuzidisha. Alizirudia zile zile tatu hadi mwisho, jasho linamtoka.

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Siku ya kuondoka alinipa jozi ya vijiti vya drams ambavyo bado sijavitumia.

Besi wa Likoni

Vijiti vya Ujerumani havitumiwi, hivyo ni vya kuwekwa kabatini na sahani za wageni.

Dada, ile video bado ipo?

Dada wa Koras

Ipo. Dakika ya pili na nusu, kulia kabisa, gauni la manjano. Msihangaike kuongeza sauti.